Kabla mteja mkubwa hajakupigia simu

Vijana wanaokuja ofisini kwa mafunzo ya vitendo huniuliza sana kuhusu programu: wajifunze Revit au wabaki na ArchiCAD, walipie kozi ya picha za 3D au waachane nayo. Hayo waulizeni wenzenu. Watawajibu vizuri kuliko mimi niliyeanza na meza ya kuchorea na wembe wa kukwangulia wino kwenye karatasi ya mafuta. Mimi nataka tuzungumze habari za mteja, hasa yule mteja mkubwa ambaye kila mhitimu wa usanifu majengo anamwota. Chuoni hamfundishwi kumpokea, na akija huwa haji siku uliyojiandaa.

Nitalieleza jambo hili kupitia familia moja ya Ujerumani ambayo usanifu majengo ilikuwa kazi yao ya kurithishana. Babu alikuwa msanifu huko Mannheim. Mwanawe, Albert Speer, akawa msanifu wa Hitler. Mjukuu, naye Albert Speer, alizaliwa Berlin mwaka 1934, akakulia mlimani Obersalzberg, jirani na nyumba ya dikteta huyo, akaja kuwa mmoja wa wapangaji miji wakubwa wa nchi yake hadi alipofariki Frankfurt mwaka 2017. Wanaosimulia maisha ya huyu wa mwisho hupenda kumwonyesha kama mtu aliyetumia miaka yake yote kukimbia kivuli cha baba. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini kwa mtu wa fani yetu kuna jingine la kuangalia: baba na mtoto walifanyiwa mtihani ule ule, wa mteja mwenye uwezo usio na mipaka.

Tuanze na baba, maana ndiye anayefanana na ninyi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa kijana aliyesoma vizuri, aliyekuwa msaidizi wa profesa Heinrich Tessenow mjini Berlin, na hakuwa na kazi ya maana. Uchumi ulikuwa umeanguka, hakuna aliyekuwa anajenga, mishahara ya wasaidizi vyuoni ilikatwa. Alirudi Mannheim akitumaini jina la baba yake lingemletea wateja, halikuleta. Tayari mwaka 1931 alikuwa amejiunga na chama cha Nazi. Mwaka uliofuata chama kikampa kazi ya kukarabati jengo la ofisi zake za Berlin. Ukarabati tu, wa aina ambayo yeyote kati yenu angeupokea kesho asubuhi na kushukuru. Akaukamilisha haraka. Akaitwa tena, mara hii kukarabati wizara ya propaganda ya Goebbels. Akapamba uwanja wa Tempelhof kwa sherehe za Mei Mosi mwaka 1933. Mwaka 1934 kwenye mkutano wa chama Nuremberg akapanga taa za kutafutia ndege za jeshi zaidi ya mia zikielekezwa juu, usiku ukawa na nguzo za mwanga. Januari 1937, akiwa na umri wa miaka 31, akakabidhiwa kuupanga upya mji mzima wa Berlin.

Angalieni mwendo wenyewe. Hakuna siku aliyokaa mezani na kuambiwa, "Chagua sasa, wema au uovu." Aliitwa kwa kazi ndogo, akaisimamia vizuri, akaaminiwa kubwa zaidi. Ndivyo sote tunavyopanda. Ndiyo maana nawaambia maswali kuhusu mteja yaulizwe kwenye kazi ya kwanza, ile ya kupaka rangi na kubadili madirisha, maana ikifika ya kumi umeshaajiri watu, una kodi ya ofisi, na mdomo umekuwa mzito.

Jambo jingine kuhusu Hitler ambalo msanifu yeyote atalitambua upesi: alikuwa mteja anayejiona fundi wa michoro. Chuo cha sanaa cha Vienna kilimkataa mwaka 1907 na tena 1908, akashauriwa usanifu majengo, akakosa vyeti vya kumwingiza. Miaka iliyofuata alibaki na vijimchoro vyake vya ukumbi mkubwa na tao la ushindi. Alipokutana na Speer alikuwa amempata mtu wa kuzichora ndoto zake kwa vipimo. Wateja wa namna hiyo tunao, ingawa wengi wao wanakuja na picha ya nyumba ya Dubai kwenye simu na hawana madhara. Hatari inaanza mteja anapokusifu wewe kwa mawazo yake. Unafurahi, unaongeza urefu, unaongeza nguzo, na hakuna aliyebaki chumbani wa kusema hapana. Inasimuliwa kuwa yule babu wa Mannheim, msanifu mzee, alipoonyeshwa vielelezo vya Berlin mpya alimwambia mwanawe kwamba wamerukwa na akili. Mzee aliona kwa dakika chache kile ambacho ofisi nzima ya vijana wenye vipaji haikukiona kwa miaka. Kila mmoja wenu awe na mzee wa namna hiyo, na awe anamwonyesha kazi kabla haijapigwa muhuri.

Sasa njooni kwenye udongo, maana hapa ndipo ninapopenda kupita na wanafunzi taratibu.

Katika mpango ule kulikuwa na ukumbi wenye kuba la kipenyo cha mita 250, wa kuingiza watu wanaokaribia 180,000 kwa wakati mmoja. Ndani ya kuba hilo ilihofiwa pumzi za watu zingepanda, zikageuka maji, yakaanza kudondoka. Kusini mwa mji lingesimama tao la ushindi lenye uzito wa kutisha. Berlin imekaa juu ya mchanga na kinamasi. Wahandisi wakataka kujua ardhi itabeba nini, wakajenga mwaka 1941 na 1942 jiti la zege tupu, la mviringo, lenye uzito wa tani 12,650, likasimama mita 14 juu ya ardhi na mita 18 chini yake. Halina chumba cha kuishi wala kazi nyingine. Kazi yake ni kukaa na kuzama. Walikadiria likizama chini ya sentimita 6 mambo ni mazuri. Lilizama karibu sentimita 19 ndani ya miaka kama miwili na nusu.

Hilo jiti lipo hadi leo, mtaa wa Tempelhof, katikati ya nyumba za watu, kwa sababu kulilipua kungebomoa majirani. Ukiwahi kufika Berlin acha geti la Brandenburg kwa saa moja uende ukalitazame. Mimi kila mteja anaponiambia tuache vipimo vya udongo tupunguze gharama, huwa nafikiria lile zege. Hata dikteta mwenye jeshi la nchi nzima ilimbidi aulize udongo, na udongo ukamjibu bila woga. Kwa kazi zenu za ghorofa mbili pale Mbezi au Mikocheni, mwambie mteja ukweli huo huo kwa upole: mashimo machache ya majaribio ni bei ndogo kuliko nyufa za mwaka wa tatu.

Ila udongo ni sehemu rahisi, kwa sababu unapimika. Kuna mambo mawili kwenye mradi ule ambayo hayakuwa kwenye mchoro wowote.

La kwanza ni mawe. Majengo yale yalihitaji granaiti na matofali kwa wingi usio wa kawaida, na mamlaka zikafungua machimbo na viwanda vya matofali ndani na kando ya kambi za mateso: Flossenbürg, Mauthausen, Sachsenhausen. Wafungwa ndio waliochonga na kubeba, na wengi walifia humo. Kwenye mchoro jiwe linaandikwa kwa herufi mbili tatu pembeni, "granaiti ya kijivu, milimita 40", basi. Mkono uliolitoa ardhini hauandikwi. La pili ni nyumba. Ili kupata pa kuwahamishia waliobomolewa, ofisi ya Speer ilishika orodha za nyumba za wapangaji Wayahudi wa Berlin na kuwatoa, kwa maelfu, na wengi wao wakaishia kwenye treni za kwenda mashariki, kwenye mauaji. Karatasi hizo zilipita mezani mwa wasanifu. Watu waliosoma kama sisi, waliojua kuchora ngazi vizuri, walikaa wakahesabu vyumba.

Kuanzia Februari 1942 Speer alikuwa waziri wa silaha, na kwa kazi ya lazima ya mamilioni ya watu aliyoitumia huko alihukumiwa Nuremberg miaka 20 jela. Akatoka gereza la Spandau tarehe 1 Oktoba 1966.

Sasa msinisikie vibaya. Silinganishi upanuzi wa barabara na mauaji ya halaiki. Lakini sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam tunaijua ile alama ya X nyekundu ukutani. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Kila mradi wa mjini unamgusa mtu ambaye hayumo kwenye kikao. Ukipewa ramani ya eneo ambayo imeshasafishwa, nyeupe, yenye mipaka tu, nenda mwenyewe saiti ukaone kuna nini juu ya ule weupe. Piga picha. Ongea na mjumbe wa mtaa na wenye vibanda. Hayo yaingie kwenye ripoti yako kwa maandishi, hata kama mteja atayaruka.

Tuje kwa mtoto.

Vita ilipokwisha alikuwa na miaka kumi, akaanza kupata kigugumizi kiasi kwamba kuzungumza mbele ya watu ilikuwa adhabu. Alianza na useremala. Akasoma shule ya jioni akapata cheti cha kuingia chuo kikuu, akasoma usanifu majengo Munich. Mwaka 1964 alipata tuzo katika shindano la usanifu na kufungua ofisi yake Frankfurt. Baba yake alikuwa bado gerezani.

Hapa kuna mambo mawili nayapenda. Useremala kwanza. Ninyi mnachora mlango kwa mstari mmoja na robo ya duara, mnasonga mbele. Seremala akikuuliza fremu ya inchi ngapi, bawaba ngapi, mbao gani, mlango ufungukie ndani au nje, na ukuta ukishapigwa plasta fremu itakaa usawa gani, kimya. Kaa karakana mwezi mmoja. Ona mninga mbichi unavyopinda mvua zikianza, mlango ukakataa kufunga, mwenye nyumba akampigia fundi simu ya matusi wakati kosa limetoka kwako. Baada ya hapo utachora milango kwa adabu. Mtu aliyeshika randa kabla ya kushika penseli hana haja ya kuambiwa kwamba kila mstari kuna mtu atakayeutoa jasho.

Pili ni shindano. Katika mashindano ya Ujerumani karatasi haziandikwi jina. Zinabeba namba, na bahasha ya jina hufunguliwa baada ya majaji kuamua. Fikirieni maana ya hilo kwa kijana anayeitwa Albert Speer katika Ujerumani ya miaka ya 1960. Ndipo mahali pekee ambapo jina halikumsaidia wala kumwangusha. Kwetu mashindano ya wazi ni machache, kazi nyingi zinakwenda kwa kujuana au kwa zabuni zinazodai uzoefu ambao kijana hana. Kwa hiyo likitokea shindano, dogo au kubwa, ingia. Wengi mna tatizo kinyume na la Speer: nyuma yenu hakuna jina kabisa, au kuna mjomba mwenye jina. Mwenye mjomba ndiye nayemsihi zaidi aingie, apate kujua mchoro wake unasimama wapi ukiwa peke yake.

Kazi zake zilizofuata zinajulikana. Alifundisha upangaji miji Kaiserslautern kuanzia 1972 hadi 1997, yule aliyekuwa anaogopa kusema mbele ya watu. Alishiriki kuupanga ukingo wa mto Main mjini Frankfurt, ambako majumba ya zamani ya matajiri yalihifadhiwa yakaunganishwa na majengo mapya kuwa safu ya makumbusho. Mpango wa maonyesho ya Expo 2000 Hannover ulitumia viwanja vya maonyesho vilivyokuwepo tayari badala ya kuanza upya. Baba alifuta mji ili mchoro upite. Mtoto alianza na kilichosimama. Kama mnatafuta tofauti yao kitaaluma, ni hapo.

Riyadh kampuni yake ilipanga mtaa wa mabalozi, kando ya bonde la Wadi Hanifa, wenye njia za miguu zenye kivuli na nyumba zinazogeuzia jua mgongo. Mtu wa Lamu au Mji Mkongwe hashangai: vichochoro vyembamba, ukuta kumkinga jirani, ua ndani. Ila wakati huo mji wa jangwani ulikuwa unapangwa kwa ajili ya gari, na kumfikiria anayetembea ilikuwa kwenda kinyume na upepo.

Kuna kazi iliyomshinda pia, au niseme iliyowashinda wote waliohusika. Anting, nje ya Shanghai, Wachina walitaka mtaa wa Kijerumani. Ofisi yake ikachora mtaa mzuri, wa vitalu vinavyozunguka ua, majengo ya rangirangi, hata sanamu ya Goethe na Schiller ikawekwa. Nyumba zikakaa miaka bila watu. Mojawapo ya sababu ni ya kawaida mno: mnunuzi wa Kichina anataka vyumba vikuu vitazame kusini, na kitalu cha kuzunguka ua lazima kitageuza baadhi ya nyumba mashariki na magharibi. Mteja alipata alichoagiza. Mkaaji hakuulizwa. Nawapa vijana wangu mfano huu kila wanapochora jiko la wazi lililoungana na sebule kwa familia inayokaanga samaki kila siku na kupokea wageni wa heshima.

Na tumefika palepale nilipotaka. Mteja wa Riyadh ni utawala wa kifalme. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ikachora mapendekezo ya mhimili mkuu wa Beijing kuelekea Olimpiki ya 2008, na magazeti yakaukumbuka papo hapo mhimili wa baba huko Berlin, ile barabara kuu iliyonyooka kati ya ukumbi na tao. Alipinga ulinganisho huo, na kuna haki yake, kwa sababu mstari wa kati wa Beijing ulikuwepo karne nyingi kabla ya wote wawili. Kisha Qatar: kampuni ilichora viwanja katika ombi la Kombe la Dunia 2022, kukiwa na wazo zuri la majukwaa ya juu yanayofunguliwa vipande vipande na kupewa nchi nyingine baada ya mashindano. Qatar ilishinda Desemba 2010. Dunia ikaja kuuliza habari za vibarua: pasi zilizoshikiliwa na waajiri, mishahara iliyocheleweshwa, joto. Waliokuwa huko wanajumuisha Wakenya na Waganda; wengine ni ndugu za wasomaji wa makala hii.

Simhukumu mtoto kwa hayo. Pengo kati ya mtaa wenye vivuli na yale ya Flossenbürg ni kubwa kuliko ninavyoweza kulieleza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa na sababu kuliko sote za kuogopa mteja mwenye nguvu, bado maisha yake yote ofisi yake iliitwa na wateja wenye nguvu. Kwa sababu ndio wanaojenga miji. Nani mwingine ana hela ya kupanga mtaa mzima? Ukiamua kufanya kazi na watu wema watupu utabaki kuchora vibaraza.

Kwa hiyo mimi nina maswali yangu, na nayauliza kwenye kikao cha kwanza kabla ya kutaja ada. Ardhi ni ya nani, na hati iko wapi? Nani yupo juu yake leo, na atakwenda wapi? Nani atajenga, analipwa na nani, analala wapi? Fedha zikikatika katikati, nani anabaki na shimo? Mteja wa kawaida hujibu, wakati mwingine kwa kusitasita, na tunaendelea. Mteja anayekujibu "hayo tuachie sisi, wewe chora" ameshakueleza vya kutosha. Unaweza bado kuichukua kazi. Kuna mwezi wa kodi na kuna ada za watoto, siwezi kujifanya sijui. Lakini iandike barua ya kuomba majibu hayo, weka nakala, na mkataba wako uwe na kifungu cha kujitoa. Nimewahi kuacha kazi mbili kwa njia hiyo. Moja jengo halijasimama hadi leo. La pili limesimama, zuri, na msanifu wake ana gari zuri kuliko langu.

Mwisho kuna swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza nilipomaliza kusimulia haya: kwa nini yule mtoto hakubadili jina? Hakubadili. Aliliweka mlangoni kwenye ofisi, baadaye kampuni ikaitwa Albert Speer & Partner, na kila mteja aliyeingia alijua. Dada yake Hilde alichukua njia yake: aliuza picha za kuchora alizorithi kwa baba na mwaka 1994 akaanzisha mfuko wa kusaidia wanawake wa Kiyahudi wa sanaa na sayansi. Ndugu wawili, majibu mawili, na sioni haja ya kuchagua lipi ni bora.

Ninyi jina lenu mtalipata siku bodi itakapowasajili na kuwapa muhuri. Siku hiyo hiyo, wala sikutanii, atatokea mchoraji asiyesajiliwa mwenye ramani za ghorofa nne akikuomba uupige tu ili mteja wake apate kibali, na atakuwa na pesa mkononi. Mwambie akuachie michoro wiki mbili, akuonyeshe majibu ya udongo na akupeleke saiti. Wengi wao hawarudi.